Reli ya Baroni, Mchele wa Waungwana

Julai mwaka 1900 wakazi wa Paris walishuka chini ya ardhi kupanda treni ya mji wao kwa mara ya kwanza. Kampuni iliyowauzia tiketi ilikuwa chini ya Mbelgiji mmoja, Édouard Empain, aliyetajirika kwa reli, tramu na umeme, na baadaye akawa baroni. Miaka mitano baadaye Empain huyo huyo alianza kununua jangwa nje ya Cairo na kujenga humo mji mpya, Heliopolis, wenye tramu, hoteli, na kasri lake mwenyewe lililonakshiwa kama hekalu la Kihindu. Katikati ya kazi hizo mbili aliianza ya tatu, mbali na macho ya magazeti ya Ulaya: reli ya kupenya misitu ya Kongo ya mashariki. Pale reli hiyo ilipokutana na maji tulivu ya mto Lualaba ndipo ulipokulia mji wa Kindu, na kwa miaka mingi ramani za Wabelgiji ziliuita kwa jina refu zaidi: Kindu-Port-Empain.

Kasri la Cairo limekarabatiwa, na tangu mwaka 2020 watu wanalipa kiingilio kulitazama. Treni za Paris hupishana kila baada ya dakika chache. Kindu, treni ikiingia, ni habari ya mji mzima.

Tofauti hiyo ndiyo iliyonipeleka Maniema, jimbo lenye mji wa Kindu. Nchi na miji mingi ya mbali imewahi kuwa na lake hapa: Brussels kwa reli na bati, Pisa kwa msiba, Zanzibar kwa biashara na dini. Nilitaka kuona ni uhusiano upi uliobaki na kitu mkononi mwa mwenyeji.

Kindu ni mji wa joto na wa mto. Lualaba, ambao ndio mto Kongo wenyewe kabla haujabadili jina huko chini, unaukata mji vipande viwili. Komini za Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa magharibi, pamoja na stesheni, uwanja wa ndege na ofisi za serikali ya jimbo. Alunguli iko ng'ambo, upande wa mashariki. Daraja hakuna. Anayetaka kuvuka hupanda mtumbwi, au husubiri kivuko, na asubuhi mitumbwi hiyo hujaa wanafunzi wenye sare, akina mama wenye vikapu vya sombe, yaani kisamvu, baiskeli zilizolazwa ubavu na pikipiki zinazoshikiliwa na watu wawili zisitumbukie. Wapiga makasia wengi ni wa jamii za wavuvi wa mto, na hawaonyeshi wasiwasi wowote maji yanapokaribia ukingo wa chombo. Wasiwasi ni wa mgeni.

Kwa nini mji uwe hapa na si kwingine? Jibu liko mtoni. Lualaba unatoka kusini kuelekea kaskazini, lakini hauendeki wote kwa meli. Chini kidogo ya Kongolo unaingia katika bonde jembamba la mawe ambalo Wabelgiji waliliita Milango ya Jehanamu, kisha yanafuata maporomoko mengine mpaka karibu na Kindu. Kuanzia Kindu maji yanatulia, na chombo kinaweza kwenda karibu kilomita 300 hadi Ubundu. Baada ya Ubundu mto unaanguka tena, hadi Kisangani. Mfanyabiashara aliyetaka kuunganisha Kisangani na Katanga alikuwa na njia moja tu: meli pale maji yanaporuhusu, treni pale yanapokataa.

Hiyo ndiyo hesabu ya Empain. Mwaka 1902 iliundwa kampuni ya reli ya Kongo ya Juu na Maziwa Makuu, iliyojulikana kwa herufi zake za Kifaransa, CFL. Sehemu ya kwanza, kilomita 125 kutoka Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, hadi Ponthierville, ambayo sasa ni Ubundu, ilimalizika 1906. Ya pili, kilomita 355 kati ya Kindu na Kongolo, ilimalizika 1910. Ya tatu, kutoka Kabalo hadi Albertville kwenye ziwa Tanganyika, mji unaoitwa Kalemie siku hizi, ilifika ziwani 1915. Wakati kazi ikiendelea, nchi yenyewe ilibadili mwenyewe: Novemba 1908 Kongo ilitoka katika miliki binafsi ya Mfalme Leopold II ikawa koloni la Ubelgiji. Ujenzi wa reli haukukomea hapo.

Masharti yalikuwa matamu kwa mwenye mtaji. Dola ya Leopold iliihakikishia kampuni riba ya asilimia 4 kwa fedha iliyowekeza, na juu yake ikaipa haki juu ya ardhi ya hekta milioni 4 pamoja na madini yaliyomo. Hekta milioni 4 ni kilomita za mraba 40,000. Ubelgiji nzima ina kama 30,500. Yaani kampuni moja ya reli ilipewa eneo kubwa kuliko nchi iliyotoka. Watu wa Maniema na majirani zao waliofyeka msitu, kuchimba tuta na kubeba mataruma hawakuwa na sehemu katika mkataba huo, na wengi wao hawakuulizwa kama wanaitaka kazi hiyo.

Stesheni ya Kindu bado ina sura ya enzi hizo. Reli inashuka hadi gatini, ili shehena ihame kutoka behewani hadi chomboni bila kubebwa mbali. Hata upana wake una historia. Ilijengwa kwa upana wa mita moja, kisha mwaka 1955 njia hizi, isipokuwa ile ya Kisangani hadi Ubundu, zikapanuliwa kufikia milimita 1,067 ili zilingane na reli za Katanga, na mwaka uliofuata kipande cha Kamina hadi Kabalo kikaunganisha mitandao miwili. Tangu hapo, kwenye karatasi, mtu anaweza kupanda treni Lubumbashi na kushuka Kindu, safari inayozidi kilomita 1,000 bila kubadili njia. Leo mtandao huo uko chini ya shirika la reli la taifa, SNCC, lenye makao makuu Lubumbashi. Nilimwuliza mzee mmoja aliyekuwa amekaa kivulini karibu na gati ni siku gani treni itaingia. Alinijibu kwa upole kwamba nikisikia honi nitajua.

Si uzembe wa mji. Vita vilivyoanza Agosti 1998 viliifikia Kindu Oktoba ya mwaka huo, waasi wa RCD walipouteka, na kwa miaka kadhaa njia ya reli ilikatika. Mji ukabaki kisiwa katikati ya msitu, ukiletewa chumvi na sabuni kwa ndege au kwa migongo ya watu. Hata baada ya treni kurudi, injini na mabehewa yaliyochakaa, pamoja na madaraja na tuta visivyotengenezwa kwa muda mrefu, vimeifanya safari iwe ya subira. Hapo ndipo baiskeli ilipopata hadhi yake. Vijana husukuma mizigo ya mafuta ya mawese, mchele na vitambaa kwa njia za msituni, na mtu hupanda tu pale mteremko unapomruhusu.

Reli haikujengwa kwa ajili ya abiria. Mwaka 1923 CFL ilizaa kampuni ya madini, Minière des Grands Lacs, na miaka ya 1930 Symétain ikajikita Kalima, mashariki ya Kindu, kuchimba madini ya bati. Bati la Maniema lilishuka kwa barabara hadi Kindu, likapanda treni au meli, likaenda kuyeyushwa mbali. Katika ofisi za Symétain alipita kijana mmoja wa Kitetela kutoka Sankuru, akifanya kazi ndogo kabla ya kuhamia Stanleyville mwaka 1944. Jina lake lilikuwa Patrice Lumumba. Miaka kumi na sita baadaye alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, na Maniema ilikuwa miongoni mwa ngome za chama chake, MNC.

Kampuni za bati ziliunganishwa mwaka 1976 kuwa SOMINKI. Oktoba 1985 soko la bati la dunia likaanguka, na SOMINKI haikuinuka tena. Wachimbaji wadogo wakaingia kwenye mashimo kwa koleo na sururu, na ndio wanaoendelea hadi leo. Kila uamuzi wa mbali huwafikia. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya kuzitaka kampuni zake zieleze zinakotoa madini yao. Septemba mwaka huo huo Rais Joseph Kabila akapiga marufuku uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, na marufuku ikakaa hadi Machi 2011. Kwa miezi hiyo, familia zilizotegemea shimo zilirudi shambani bila mbegu.

Mali nyingine ya Maniema iliondoka bila kupita kwenye mizani. Warega, wanaoishi misitu ya kaskazini na mashariki ya jimbo, hawakuwa na mfalme wala jeshi. Walikuwa na bwami, chama cha wanaume na wanawake ambamo mtu hupanda ngazi kwa mwenendo mwema, kwa malipo na kwa kujifunza methali, na kila ngazi ina vitu vyake vya kufundishia: vinyago vidogo vya mti, sanamu na barakoa za pembe za ndovu. Barakoa hizo hazivaliwi usoni tu. Hushikwa mkononi, hufungwa kwenye mkono au hutundikwa uani, na kila moja huja na somo lake. Ngazi ya juu kabisa, kindi, ndiyo yenye haki ya vitu vya pembe.

Katika Kasai, jirani na Maniema, sanaa ya Wakuba ilijulikana Ulaya mapema kwa sababu ya mtu wa Hungaria, Emil Torday kutoka Budapest. Torday alifika Kongo mwaka 1900 kama mwajiriwa wa Wabelgiji, akajifunza lugha za wenyeji, na katika safari ya 1907 hadi 1909 akalikusanyia Jumba la Makumbusho la Uingereza sanamu za wafalme wa Wakuba pamoja na historia yao kama walivyoisimulia wenyewe. Warega walisubiri zaidi. Daniel Biebuyck, Mbelgiji, aliishi nao miaka ya 1950 na kuandika kwa kina juu ya bwami, lakini wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kukipiga marufuku chama hicho mwaka 1948. Kwa hiyo vitu vya pembe vilivyokuwa darasa la watu wazima vikawa mapambo ya kabati. Vingi viko Tervuren, karibu na Brussels, katika jumba lililofunguliwa 1910 na kufunguliwa upya Desemba 2018. Februari 2022 Ubelgiji iliikabidhi Kongo orodha ya vitu vipatavyo 84,000 vilivyoko Tervuren, na mwaka huo huo bunge lake likapitisha sheria ya kuwezesha kurejesha vilivyochukuliwa isivyo halali. Orodha imefika Kinshasa. Kindu bado hakuna jumba la makumbusho la kuvipokea.

Kuna mji mmoja wa Ulaya unaolijua jina la Kindu kuliko unavyolijua la Kinshasa. Ni Pisa, Italia.

Tarehe 11 Novemba 1961, ndege mbili za mizigo aina ya C-119 za kikosi cha 46 cha anga cha Italia zilitua Kindu zikitokea Kamina. Zilikuwa zimewaletea mahitaji askari wa Malaya waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa. Marubani na wahudumu wao 13, wakiongozwa na Meja Amedeo Parmeggiani, walikwenda kula chakula cha mchana katika bwalo la maofisa wa Malaya. Askari wa jeshi la Kongo waliokuwa mjini waliwadhania kuwa mamluki wa Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, ambaye ndege zake zilikuwa zikiwashambulia. Wakawakamata wote na kuwaua. Miili ilizikwa Tokolote, pembezoni mwa mji, ikafukuliwa Februari 1962, na mwezi uliofuata ikarudishwa Pisa.

Kando ya uwanja wa ndege wa Pisa kuna kanisa dogo la ukumbusho walikolazwa. Miji kadhaa ya Italia ina mitaa yenye jina la mashujaa wa Kindu, na mwaka 1994 serikali yao iliwapa nishani ya dhahabu ya ushujaa. Kwa Mwitalia wa kizazi hicho, Kindu ni jina la msiba. Kwa mkazi wa Kindu, mwaka 1961 ulikuwa mwaka mmoja katika mlolongo wa miaka mibaya: Lumumba aliuawa Januari, na mwaka 1964 waasi wa Simba waliuteka mji. Misiba ya pande zote mbili ingestahili kusimuliwa pamoja.

Wageni walioacha alama nzito zaidi hawakuja na reli. Karibu nusu karne kabla ya Empain, misafara kutoka Zanzibar na Bagamoyo ilivuka ziwa Tanganyika ikafika Lualaba. Nyangwe, kusini ya Kindu, ikawa soko kuu. David Livingstone alishuhudia hapo Julai 1871 watu wa misafara wakiwafyatulia risasi wanawake sokoni. Hamed bin Muhammad el-Murjebi, yaani Tippu Tip, aliweka makao yake Kasongo, na mwaka 1876 akamsindikiza Henry Stanley kuteremka mto. Ilikuwa biashara ya pembe na ya watu, na hakuna haja ya kuipamba. Vijiji vilichomwa, na maelfu walitembea hadi pwani wakiwa mali ya wengine. Mwaka 1893 majeshi ya Leopold yaliteka Nyangwe na kisha Kasongo, na utawala wa wafanyabiashara hao ukaisha.

Lakini walichopanda hakikung'olewa. Waungwana, kama walivyojiita watu wa misafara, walileta mpunga, na Maniema imekuwa nchi ya wali tangu hapo. Walileta Uislamu, na hadi leo Maniema, hasa Kasongo, ndiyo kitovu cha Waislamu wa Kongo. Adhana ya alfajiri Kindu inasikika mpaka ng'ambo. Na walileta Kiswahili. Mgeni kutoka Tanga au Mombasa atalazimika kutega sikio kidogo sokoni, maana Kiswahili cha hapa kina mwendo wake, ila atanunua samaki, atabishana bei na atapata kiti cha kukaa bila mkalimani. Mama muuza mchele akishajua mteja ametoka Tanzania humwita ndugu, kisha hakosi kuuliza habari za Kigoma, maana karibu kila ukoo una mtu wake huko.

Ana sababu. Wamanyema, yaani watu wenye asili ya Maniema, wako Ujiji, Tabora, Zanzibar na Dar es Salaam tangu enzi za misafara, wengine walipelekwa kwa nguvu, wengine walikwenda kama wapagazi na wafanyabiashara. Kariakoo kuna Msikiti wa Manyema unaojulikana na kila anayeswali mtaa huo. Hakuna kampuni inayoulipia uhusiano huu, wala ubalozi unaoutunza, na bado ndio uliodumu kuliko yote.

Njia ya kuurudisha katika biashara ilikwisha chorwa zamani. Wajerumani walifikisha reli ya kati Kigoma mwaka 1914. Wabelgiji walifikisha ya kwao Kalemie 1915. Machi 1921 Waingereza wakawapa Wabelgiji maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, eneo lililokuja kuitwa Belbase. Kwa hiyo shehena ya Maniema iliweza kutoka Kindu, ikapita Kongolo, Kabalo na Kalemie, ikavuka ziwa na kutokea Bahari ya Hindi. Kutoka Kindu hadi Kalemie ni takriban kilomita 700 za reli.

Umuhimu wa njia hiyo umerudi kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia. Januari 2025 Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, uwanja wake wa ndege ukafungwa, na Bukavu ikafuata Februari. Bidhaa ambazo Kindu ilizoea kuzipata kwa ndege kutoka Kivu zilikosa njia. Mji ambao watu wake wanazungumza lugha moja na Dar es Salaam unategemea vyombo vya mbao kutoka Ubundu, treni isiyo na siku, na baiskeli.

Wakati huo huo jina la Kindu linazidi kusikika nje. Klabu ya AS Maniema Union, iliyoanzishwa mwaka 2005, ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2024/25, ikapangwa na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, Raja Casablanca na AS FAR za Morocco. Mechi zake za nyumbani ilizichezea Kinshasa, mashabiki wake wakifuatilia kwa redio na simu.

Na Kindu imo pia katika mipango ya reli mpya. Tanzania, Burundi na Kongo zimekubaliana juu ya reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati na Gitega, iendelee Bujumbura na Uvira, kisha imalizikie Kindu. Tayari treni za umeme zinakwenda kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu 2024. Kati ya Uvira na Kindu, hata hivyo, kuna milima, msitu na vita, na hakuna mhandisi atakayeahidi tarehe.

Ndiyo maana reli ya zamani isisahauliwe wakati mpya ikisubiriwa. Tuta la Kindu hadi Kalemie lipo, ziwa lipo, na upande wa pili bandari ya Kigoma ipo. Serikali za Kinshasa na Dodoma zikarabati kwanza njia hiyo, ziweke meli ya mizigo yenye ratiba kati ya Kalemie na Kigoma, na ziandike katika mkataba nani atatunza madaraja na mkulima wa mpunga atatozwa nauli kiasi gani kwa gunia. Mkataba wa 1902 ulitaja maslahi ya mwenye mtaji tu, na Maniema imekwisha kuona matokeo yake.